Katili Amekalia Kiti cha Baba

Jioni ile Mkaguzi alikuwa ametulia mbele ya televisheni ya binti yake, kikombe cha chai mkononi, hana ugomvi na mtu. Tamthilia ilikuwa imeanza. Yeye mwenyewe hakuipenda sana, lakini mtaa mzima uliiangalia, na asiyeiangalia alikosa la kusema asubuhi kwa kinyozi. Humo ndani kulikuwa na mwanamume mmoja aitwaye Katili, ambaye hajawahi kukutana na mjane asimdhulumu wala tajiri asimsukume ngazini. Tangu hadithi ianze watazamaji walikuwa hawajaonyeshwa anakoishi. Jioni ile akarudi kwake. Akaushika mlango, akaunyanyua kidogo ndipo akausukuma, maana ulikuwa unakwaruza sakafu. Akaingia sebuleni, akavua koti, akajitupa kwenye kiti.

Mkaguzi akaruka wima. Chai yote ikaenda kwenye zulia.

"Amekaa kwenye kiti changu! Kitinda! Njoo uone! Muuaji amekaa kwenye kiti changu!"

Jikoni, Kitinda alikuwa anasugua sufuria. Alijua hasa kilichotokea, na alijua kwamba aliyekitenda ni yeye.

Kitinda ndiye mtoto wa mwisho wa Mkaguzi, kitindamimba, na jina hilo limemganda hadi leo ana nyumba yake, gari lake bovu na mvi zake chache anazozing'oa kimyakimya. Kazi yake ni kupamba seti. Tamthilia ikihitaji ofisi ya wakili au chumba cha bibi harusi, yeye ndiye anayekichora, anawasimamia maseremala wakijenga kwa plaiwudi, kisha anatafuta mapazia. Baba yake, kwa upande wake, alikagua tiketi kwenye treni mpaka akastaafu, na bado alimtazama kila mtu kama anayesafiri bure. Hakuwahi kuielewa kazi ya binti yake. Watu wakimuuliza, alisema binti yangu yuko televisheni, na wao wakabaki wakimsubiri kwenye taarifa ya habari.

Sasa, nyumba ya Mkaguzi ilikuwa imebomolewa. Barabara kuu ilipanuliwa, mtaa wao wote ukaenda na maji. Siku tingatinga zilipofika, mzee alikuwa mji mwingine kwa dada yake, anauguza goti. Aliporudi, Kitinda akampokea stesheni, akampeleka moja kwa moja kwake, akampa chumba chenye dirisha zuri, akamwambia, "Wameshabomoa, Baba." Mzee akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa. Kitinda akadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kwa Mkaguzi, kitu ambacho hajakiona kwa macho yake ni sawa na abiria anayeapa kwamba tiketi imo ndani ya begi, begi lenyewe liko behewa jingine. Alikuwa amenyamaza tu. Na sasa, mbele ya macho yake, kwenye kioo cha televisheni, nyumba yake ilikuwa imesimama nzima, na mtu ameikalia.

"Baba, ile siyo nyumba yetu," Kitinda alisema huku akifuta zulia. "Ile ni seti. Nimeijenga mimi."

"Umeijenga wewe."

"Mimi na maseremala."

"Na ule mlango unaokwaruza? Nani, mwenye akili zake timamu, anajenga mlango mbovu kwa makusudi?"

Kitinda akazidi kusugua zulia. Swali hilohilo seremala alikuwa amemuuliza.

"Na kile kioo cha dirisha cha kijani kimoja katikati ya vyeupe? Nacho umekibuni? Na ndoano ya darini?"

Ndoano ya darini ilikuwa fumbo la ukoo. Waliikuta walipohamia, katikati ya dari, imara kabisa, na hakuna aliyewahi kujua ni ya kutundikia nini. Mama yao, enzi za uhai wake, aliwahi kutundika hapo kikapu cha vitunguu, mzee akapiga nacho kichwa, vitunguu vikarudi jikoni.

"Nimekumbuka tu, Baba. Nimekaa nikakumbuka."

"Hapana," alisema Mkaguzi, na alisema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nyumba haijabomolewa. Nyumba umeipangisha. Tena ungempangisha mwalimu, ungempangisha nesi, ningekuelewa. Umempangisha muuaji."

Ukweli ni kwamba Kitinda alikuwa amekusudia mema. Mwongozaji alimwambia anataka sebule ya mtu wa zamani, yenye maisha ndani yake. Kitinda akakaa na penseli, na mkono ukaanza kuchora wenyewe: kiti cha mbao chenye mikono mipana, meza, kabati la glasi za wageni, ukuta wa rangi mbili, kijani chini na maziwa juu. Picha ya kunakili hakuwa nayo. Picha zote za familia zilipigwa nje, watu wamejipanga mlangoni, jua linawachoma macho. Enzi hizo nani angepoteza picha kwa kupiga kiti? Kwa hiyo akachora kwa kichwa, na kadiri alivyochora ndivyo alivyozidi kufurahi, hata usiku akawa anatabasamu usingizini, mumewe ndiye aliyesema. Alipanga siku sebule ile itakapoonekana, akae kando ya baba yake amtazame uso. Kisha mswada ukaja na mwenye nyumba akawa Katili. Kitinda akafyata ulimi.

Kesho yake asubuhi alimpakia mzee kwenye gari akampeleka mahali penyewe. Wakasimama ukingoni mwa barabara. Malori yalikuwa yanapita yakiwapulizia vumbi.

"Hapa, Baba. Palepale kwenye ule mstari mweupe ndipo ilipokuwa sebule."

Mkaguzi akautazama mstari mweupe. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hii ni barabara," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Barabara nimeshaziona. Mimi nimekuomba nyumba."

"Si ndiyo nakuambia, nyumba imekuwa barabara!"

"Mwanangu, kama mtu anataka kumdanganya baba yake, atampeleka wapi? Atampeleka barabarani. Barabara zote zinafanana." Akageuka kurudi kwenye gari. "Nirudishe. Goti linauma."

Kitinda alitafuta hata mti mmoja aliokuwa anaujua, duka, kona, mtu wa kuuliza. Hakukuwa na kitu. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini ya lami, na majirani wametawanyika kila mtu na njia yake.

Siku iliyofuata, Kitinda akiwa kazini anabishana na mshonaji kuhusu foronya, simu ikalia. Ilikuwa kutoka kituo cha polisi. Alikimbia na foronya mkononi. Alimkuta baba yake amekaa kwenye benchi, amepewa soda, yeye na askari wa zamu wamezama kwenye mazungumzo mpaka foleni ya watu wenye shida za kweli imeanza kunung'unika.

"Afande, samahani sana," Kitinda alisema.

"Samahani ya nini? Mzee ana busara zake." Askari akashusha sauti. "Nilikuwa namuuliza kama Katili atakamatwa."

"Na mimi nikamwambia," alidakia Mkaguzi, "hilo ndilo nililokuja kuwauliza wao."

Askari akamvuta Kitinda pembeni, karibu na pikipiki zilizokamatwa. "Dada, mimi siingilii mambo ya familia. Lakini mzee wako amenieleza kila kilichomo mle ndani. Jana mchana alikuja hapa, kaniambia kwenye kabati kuna glasi zina maua mekundu, na moja ina ufa imegeuziwa ukutani. Jana usiku Katili kafungua kabati. Nikaiona! Mke wangu shahidi. Sasa mtu ambaye siyo nyumba yake atajuaje ufa?"

"Ni kwa sababu na mimi naukumbuka ule ufa, afande. Nimeuchora mimi."

Askari akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayedai simu ya wizi ameiokota. "Mpe mzee nyumba yake, dada. Kale kajitu kafupi kahamishwe, kakatafute pengine pa kuulia watu."

"Mwigizaji yule si mfupi," Kitinda alisema. "Ni mrefu kuliko wewe."

"Yule? Katili? Acha utani. Hata kiti kinammeza."

Kitinda hakulitilia maanani. Kichwa kilikuwa kimejaa mambo mengine.

Tangu siku hiyo Mkaguzi aliacha kuzungumza na binti yake. Alizungumza na friji. Asubuhi aliingia jikoni, akasimama mbele ya friji, akaiambia, "Mwambie mwenye nyumba hii kwamba chai haina sukari." Kitinda, amesimama hapohapo na kijiko, akatia sukari. "Mwambie nimeshukuru," alisema mzee, akaondoka. Mumewe Kitinda, mtu asiyetaka matatizo, alianza kuogopa kufungua friji mzee akiwa karibu, asije akaonekana anakatisha maongezi.

Kisha friji ikapewa habari nzito. Jumamosi, mzee alisema, anahama. Begi lake tayari. Akikabidhiwa ufunguo wa nyumba yake, vizuri. Asipokabidhiwa, anakwenda kwa dada yake moja kwa moja, na asitafutwe. "Kwa sababu siwezi," aliiambia friji, na sauti ikakatika kidogo, "siwezi kulala chini ya paa la mtoto niliyemlea mwenyewe, akaja kunifanya mjinga."

Kitinda alijifungia bafuni akalia. Hakuogopa mzee kwenda kwa shangazi. Shangazi angemlisha vizuri na kumgombeza inavyotakiwa. Aliogopa kwamba baba yake ataondoka akiamini kabisa kwamba mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akimkimbilia mlangoni kila anaporudi safari, amemwibia nyumba. Ataamini hivyo mpaka anaingia kaburini. Akanawa uso, akampigia mwongozaji.

Mwongozaji alikuwa mtu mwembamba, anayevaa skafu hata kwenye joto, na neno lake lilikuwa moja. "Mlete! Mzee ndani ya sebule? Huo ni ubunifu!" Tangu aione seti ile alikuwa hajielewi. Siku ya kwanza alimwita Kitinda mbele ya watu wote akamsifu: "Umemfanya Katili asinyae! Katili, lakini mdogo! Yatima wa dunia! Umewaza nini?" Kitinda hakuwa amewaza chochote, wala hakuelewa anasifiwa kwa lipi, ila mtu akikusifu mbele ya watu unasema asante.

Basi Jumamosi, badala ya kwenda stesheni, gari likaenda studio. Mkaguzi alikuwa amepakata begi lake. Studio ilikuwa ghala la zamani la sabuni, na harufu haikuwa imetoka. Kila aliyefanya kazi humo alirudi kwao akinukia kama nguo iliyofuliwa. Getini mlinzi akadai vitambulisho, akamdai hata Kitinda ambaye humwona kila siku. Mkaguzi akamtazama mlinzi kutoka kofia mpaka viatu.

"Huyu anajua kazi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kusema neno bila kulipitisha kwenye friji.

Ndani, mtu mrefu, mrefu kweli, alikuwa amekaa juu ya kreti anamenya chungwa, maganda anayaweka kwenye leso asichafue sakafu. Alipowaona akasimama, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mkaguzi, kwa sababu salamu ni salamu. Kisha akamkazia macho. Ni uso uleule. Ila mwili ulikuwa umezidi. "Wewe si ndiye Katili?"

"Ndiyo, mzee. Karibu chungwa." Nje ya kamera alikuwa na sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Sitaki chungwa. Unahama lini?"

Mwigizaji akamtazama Kitinda, akamtazama mzee. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiulizwa swali hujibu. "Mkataba wangu unaisha mwisho wa msimu, mzee. Wakiniua mapema, naondoka mapema."

Mkaguzi akamgeukia binti yake polepole. "Umesikia? Hata mkataba upo."

"Baba, ingia kwanza."

Taa zilikuwa zimewashwa. Mbele yao kulikuwa na mlango, ule mlango, na rangi yake iliyobambuka pembeni. Mkaguzi akaweka begi chini. Kitinda alimwona akipeleka mkono bila kutazama, kama mtu anayeingia kwake, na mkono ukakamata hewa. Kitasa kilikuwa juu zaidi. Mzee akakunja uso, akalaumu macho, akakitafuta, akakipata, akaunyanyua mlango kidogo na kuusukuma. Ukakwaruza. Akavuta pumzi ndefu na kuingia.

Akasimama katikati. Ukuta wa kijani na maziwa ulikuwepo. Kabati, glasi, ile yenye ufa imegeuzwa. Akatazama juu aone ndoano, akaiona, lakini ilikuwa inaning'inia kwenye bomba la chuma, na juu yake hapakuwa na dari wala bati, ila waya na taa na popo mmoja wa ghala.

"Paa wameiba," alisema.

Akaenda kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, akaufungua. Mafundi umeme wawili walikuwa wamekaa upande wa pili juu ya masanduku, wanakula ndizi.

"Samahani," alisema Mkaguzi, akaufunga. Akasimama akiwaza. Akaufungua tena. "Chumba changu cha kulala kiko wapi?"

"Hapa, mzee?" fundi mmoja aliuliza, ndizi shavuni. "Hapa hakijawahi kuwa chumba. Hapa tunapumzikia."

Mkaguzi akaufunga mlango taratibu, na Kitinda akaona uso wa baba yake umeng'aa. Lilikuwa limemjia wazo. "Nimeelewa sasa," alisema. "Wamebomoa nusu. Vyumba wamebomoa, sebule wameing'oa nzimanzima, wakaileta hapa kwa lori. Kwa hiyo hukunidanganya sana, mwanangu. Umenidanganya nusu."

"Baba, hawajaleta kitu. Hiki ni plaiwudi. Gonga, sikia."

"Sigongi ukuta wangu kama mwizi."

"Basi kaa! Kaa kwenye kiti chako, tuzungumze."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameishiwa. Mkaguzi akakiendea kiti. Akageuka, akashika mikono yake, akajishusha bila kuangalia, kama alivyofanya jioni zote alizorudi kazini. Kiti kikamkuta kabla hajafika. Akasimama tena, akakipima kwa jicho. Akajaribu upya kwa kuruka kidogo, goti likalalamika, akajivuta kwa viwiko mpaka akaegemea. Kisha akatulia na kujitazama.

Miguu yake ilikuwa inaning'inia.

Viatu vyake vyeusi alivyovipiga rangi kwa ajili ya safari vilikuwa hewani, vinabembea polepole. Mikono ya kiti ilikaribia kumfika mabegani; alionekana kama mtoto aliyepelekwa kwa kinyozi. Nyuma ya kamera mtu akacheka puu, na Katili, yule mpole, akamtupia jicho ambalo hajawahi kulitoa hata kwenye tamthilia. Kicheko kikafa.

"Kiti hiki si changu," alisema Mkaguzi.

Akaitafuta sakafu kwa ncha ya kiatu, asiipate.

"Changu nilikuwa nakanyaga chini. Nilikuwa navua viatu bila kuinama sana." Akatikisa miguu kuhakikisha. "Hiki ni cha mtu gani? Ni cha jitu?"

Seremala akajitokeza akijikuna kichwa. "Ndicho nilichomwambia dada, mzee. Nilimuuliza, kiti gani hiki, na kitasa gani hiki, na meza kama ya mahakama? Akasema, jenga hivyohivyo, mimi nakumbuka. Nikajenga."

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. Sasa akaingia polepole, na kwa mara ya kwanza akaiona sebule yake mwenyewe. Kitasa kilikuwa mbele ya macho yake. Meza ilimfika kifuani. Mbona hakuona? Alipima kila kitu kwa futi kamba, tena mara mbili, na kila kipimo kilimjia sawasawa, moja kwa moja, bila shaka hata kidogo. Kwenye kiti cha Baba mtu hupanda kwa goti kwanza. Glasi za wageni huzifikii. Kitasa unakitazama kutoka chini, unangoja kizunguke, na kikizunguka ni Baba amerudi. Akakumbuka sifa za mwongozaji, akamkumbuka na askari, akaona aibu imempanda mpaka masikioni.

"Ulikuwa na umri gani ulipoiona hivi?" Mkaguzi aliuliza.

"Sijui, Baba. Nilikuwa sijaanza shule."

Mzee akaizungusha shingo akakagua sebule yote, upande kwa upande, bila haraka, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alipomaliza, kulikuwa hakuna tena cha kukagua.

"Kwa hiyo hii umeijenga wewe kweli."

"Ndiyo."

"Kwa kichwa chako."

"Kwa kichwa changu."

"Basi ile wameibomoa."

"Wameibomoa, Baba. Nilikuwepo. Nilisimama mpaka wakamaliza. Sikutaka uone."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, na tena, kisha uso ukamvunjika na akalia. Alilia waziwazi, mbele ya mafundi umeme na ndizi zao, miguu hewani. Kitinda akamkimbilia. Hakukuwa na namna ya kumfikia pale alipo isipokuwa kupanda, kwa hiyo akapanda kiti, goti kwanza, na mzee akamsogezea nafasi. Wakatosha wote wawili.

"Nilikuwa sijaimaliza," mzee alisema alipoweza kusema. "Nilikuwa nimeweka matofali uani. Nilisema nikistaafu niongeze chumba. Halafu goti. Nikasema goti likipona."

"Matofali nayakumbuka."

"Wewe huelewi. Ilikuwa nyumba ndogo, mwanangu. Ndogo mno. Mlilala mmegeuziana miguu na vichwa kama samaki kwenye kopo. Wenzangu wa treni walinialika kwao, na mimi sikuwahi kumwalika hata mmoja. Niliwaambia naishi mbali. Nilikuwa naona aibu." Akajipangusa kwa kiganja. "Kila nilipokuwa nafungua ule mlango nilikuwa nasema moyoni, hawa watoto watakua wakubwa, watakumbuka kwamba baba yao aliwabana."

Kitinda alitazama meza, kabati, dirisha lenye kioo kimoja cha kijani, kubwa kama la kanisa.

"Sikujua kama ni ndogo, Baba," alisema. "Wallahi sikujua. Ningejua, ningeijenga ndogo."

Mkaguzi akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Hakuwa na tiketi ya kumdai. Kule gizani mwongozaji alikuwa anajifuta macho kwa skafu, akinong'ona, "Ubunifu, ubunifu," na seremala alimwomba tafadhali anyamaze.

"Watu wanataka kufanya kazi," mzee alisema mwishowe, akatazama chini, akaona umbali. "Nishushe."

Kitinda akaruka kwanza. Akamgeukia baba yake, akampitishia mikono kwapani, na mzee akamshika shingo. "Taratibu," alisema Kitinda, "taratibu, Baba, nimekushika," akamteremsha mpaka viatu vikagusa sakafu.